Magunia Niliyoyaficha kwa Baba Yako

Iko siku moja ambayo hunirudia kila nionapo gunia lililoshonwa kwa uzi wa buluu. Ilikuwa mwezi wa pili, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nimesimama mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Nilivaa shati nililolipiga pasi mwenyewe, na mkononi nilikuwa na karatasi mbili za hesabu zilizopigwa mistari kwa rula. Niliamini kwamba siku hiyo ningewafundisha watu hesabu. Mwanangu Patrisi, nilifundishwa mimi, na aliyenifundisha alikuwa bibi kizee ambaye hakuwa hata na kalamu.

Nakuandikia kwa sababu ya ulichokuja kuniomba Jumapili. Ulitoka Mpanda mjini hadi hapa Usevya na kadi mbili za bajaji ndani ya bahasha, ukataka tuziandikishe kwa jina langu kabla ya Alhamisi yako ya mahakama. Hakimu akikuuliza una mali gani ya kumtunzia mwanao Neema, useme huna kitu, wewe ni dereva tu wa baba yako mdogo. Nilipotikisa kichwa ukacheka. Ukasema, "Baba mdogo, usijifanye mtakatifu. Si marehemu baba alikufichia mpunga ulipoachana na mama Leonsia? Leo ni zamu yangu." Ukaiacha bahasha mezani ukaondoka, kana kwamba tumekubaliana.

Sikukujibu. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira hukosea hata kujumlisha. Sasa nimetulia kidogo, ingawa hasira haijaisha, na sioni kwa nini iishe. Hiyo habari uliyoisikia ni nusu. Nusu nyingine naona baba yako hakukupa, au ulikuwa hujakaa vizuri kuisikiliza.

Mimi na Skolastika tuliachana mwaka ambao mpunga ulikubali sana. Sababu za kuachana kwetu naziacha. Zilikuwa zetu sisi wawili, na watoto hawakuhusika hata kidogo. Leonsia alikuwa na miaka saba, mdogo wake Batista miaka miwili. Nililima ekari nne, nikavuna magunia sitini. Skolastika alikuwepo shambani tangu kupanda hadi kupepeta, na mwezi wa sita magunia yote sitini aliyashona yeye, Batista akiwa mgongoni. Mwezi wa nane akahama na watoto, akapanga chumba upande wa pili wa kijiji, maana kwao Kasansa wazazi walikuwa wameshafariki. Mwezi wa kumi na moja akanitumia ujumbe kwamba anakwenda mahakamani kuomba talaka na matunzo ya watoto.

Nilipopata ujumbe huo sikujiuliza watoto wanakula nini. Niliazima mkokoteni wa ng'ombe. Kwa safari nne, mchana kweupe, nilihamisha magunia thelathini na manane nikayapeleka kwenye ghala la baba yako. Nikamwambia, "Kaka, wakikuuliza, ni yako." Hakuniuliza neno. Alikuwa mtu mwema, mwanangu, na mimi niliuchukua wema wake nikaupa kazi chafu.

Kwangu yakabaki magunia ishirini na mawili.

Unajua mimi shule niliishia darasa la saba. Hesabu za biashara nilijifunza mwenyewe kwenye vitabu vya kuokoteza, na nilijivuna sana kwa hilo. Karatasi yangu ya kwanza iliorodhesha gharama za msimu mzima: trekta, mbegu, vibarua wa kupanda, palizi, walinzi wa kufukuza ndege, wavunaji. Kila gharama niliigeuza kuwa magunia kwa bei ya wakati ule. Jumla ikawa magunia ishirini. Karatasi ya pili ilikuwa fupi. Mavuno ishirini na mawili, toa gharama ishirini, yamebaki mawili. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa kwamba, kwa kuwa nawapenda wanangu, nawapa nusu ya kilichobaki.

Yaani gunia moja la mpunga. Kwa watoto wawili. Kwa mwaka.

Nilisoma kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Skolastika aliangalia sakafu. Pembeni ya hakimu walikaa wazee washauri wawili, na mmoja wao alikuwa Mama Teodora, mjane wa huku huku kwetu, mkulima wa mpunga tangu usichana wake. Aliinua mkono akamwomba mwenzake amsomee upya karatasi ya kwanza.

"Hapo kwenye trekta, rudia."

"Trekta, ekari nne," mwenzake akasoma.

Mama Teodora akanigeukia. "Ekari nne, kijana?"

"Ndiyo, mama. Ekari nne."

"Na vibarua umewalipa wa ekari nne?"

"Ndiyo, mama. Nimeandika kila kitu." Nilisema hivyo kwa majivuno, Patrisi. Kwa majivuno!

"Haya. Mimi nina ekari moja. Magoti yananiuma, palizi nimechelewa, na nimepata magunia kumi na tano. Wewe una nguvu, una trekta, na rula unayo. Ekari nne zimekupa ishirini na mawili. Hebu tueleze, hao ndege wa shambani kwako wana ukubwa gani?"

Watu walicheka mpaka karani akaweka kalamu chini. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimeficha mavuno, lakini gharama nilizileta zote. Nilichukua matumizi ya magunia sitini nikayatoa kwenye magunia ishirini na mawili, kisha nikashangaa mbona watoto wamebakiwa na kidogo. Mwizi asiyejua kuandika angefanya vizuri zaidi.

Hakimu hakucheka. Aliahirisha kesi, akaagiza afisa ustawi wa jamii azitembelee nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Afisa mwenyewe alikuwa dada kijana, mpole, aliyekuja kwa pikipiki na begi la karatasi. Alianzia kwa Skolastika. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na alimkuta Leonsia amekaa mlangoni na Batista mapajani. Mama yao alikuwa kwenye kibarua cha palizi. Leonsia alipaswa kuwa darasa la kwanza tangu Januari. Hakuwa na sare, hakuwa na daftari, na hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa na mdogo wake.

Haya niliyasoma mimi mwenyewe kwenye ile ripoti. Nayarudia kwa mpangilio ili uyaone kama nilivyoyaona. Ghalani nilikuwa na magunia thelathini na manane. Mtoto wangu hakuwa na daftari.

Kutoka hapo afisa alikuja kwangu, kisha akaomba tuongozane wote, mimi, Skolastika na yeye, hadi kwenye ghala la baba yako. Baba yako akafungua. Afisa akauliza ule mpunga uliopangwa ukutani ni wa nani.

"Wangu," baba yako akajibu. "Wote."

Skolastika hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile rundo, akapitisha kidole kwenye mdomo wa gunia la kwanza, la pili, la tatu. Kwao Kasansa mama yake alimfundisha kushona gunia kwa kurudia kila mshono wa tatu, ili likitupwa juu ya lori lisipasuke. Tena alitumia uzi wa buluu wa nailoni, aliokuwa akiufumua kwenye kamba kuukuu. Mimi nilikaa naye miaka minane, nikayabeba magunia yake mabegani misimu yote hiyo, na hata siku moja sikuwahi kuutazama mshono wake.

"Shemeji," akasema, "haya nimeyashona mimi. Mwezi wa sita, na mtoto mgongoni. Kwako mnashona kwa katani."

"Uzi wa buluu unauzwa dukani," baba yako akasema. "Kila mtu ananunua."

"Sawa. Basi mwite mama Patrisi. Ashone gunia moja hapa, tuone."

Mama yako aliitwa, akaja na mikono yenye unga wa mihogo. Wewe ulikuwa darasa la nne, ulikuwa shule, ndiyo maana hukuona. Afisa akamwonyesha gunia, akamuuliza kama ndiye aliyelishona. Baba yako alimkazia macho. Mimi nilimkazia macho. Mama yako akaliangalia gunia, akatuangalia sisi wanaume wawili, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Mimi mshono huu siujui," akasema. "Na nyie msiniingize kwenye mambo ya kula vya watoto." Akarudi jikoni kwake.

Tuliporudi mahakamani, hakimu aliwapa wazee nafasi ya kusema. Mama Teodora hakufoka. Ningependa angefoka.

"Kijana," akaniambia, "kichwa chako ni kizuri. Nimesikia hesabu zako, ziko safi, hakuna tarakimu iliyokosewa. Mtu akikuibia mpunga wewe, utakwenda polisi. Hawa watoto wakiibiwa waende wapi, na mwizi ndiye baba yao? Umejiuliza mfukoni una nini leo. Mkulima mwezi wa pili ana nini mfukoni? Hana kitu! Hata mimi sina kitu. Hesabu ya mtoto haianzii mfukoni mwako. Anza kwa mtoto mwenyewe, kwamba anaishi wapi, anakula nini, anasoma wapi, akiugua nani anamlipia. Ukimaliza hapo ndipo uje kwenye mali yako, na uje nayo yote."

Kisha hakimu akapiga hesabu mbele yetu, na mimi nikaifuata hatua kwa hatua, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu hata nikiwa nimeaibika. Alichukua mwaka mzima, tangu mavuno hadi mavuno, maana mkulima hana mshahara wa mwezi. Magunia sitini, toa gharama za kweli ishirini, yakabaki arobaini. Akauliza nani mwingine ananitegemea. Nilikuwa na bibi yako, na akamweka kwenye hesabu. Halafu akaifungua ripoti, akahesabu mahitaji ya watoto wawili kwa maisha ya hapa hapa Usevya, siyo ya Dar es Salaam wala ya mahali pengine: chakula, sabuni, nguo, fungu lao katika kodi ya chumba. Ikafika thamani ya gunia moja na nusu kwa mwezi. Akamgeukia Skolastika naye, kwa sababu sheria haimwachi mama pembeni. Vibarua vyake viliweza kutoa thamani ya nusu gunia, na siyo zaidi, kwani mwenye mtoto wa miaka miwili hawezi kushinda shambani kama mimi. Gunia moja likawa langu. Kila mwezi, kumi na mawili kwa mwaka, na sare, madaftari na matibabu juu yangu. Akaniruhusu kulipa sehemu kubwa wakati wa mavuno, kwa kuwa ndipo ninapokuwa nacho.

Kumi na mawili kutoka arobaini, Patrisi. Nilibaki na mengi. Nilikuwa nimebeba magunia kwa mkokoteni safari nne, nimemfanya kaka yangu mwongo, nimemweka mwanangu mlangoni badala ya darasani, ili nisitoe kitu ambacho nisingepungukiwa nacho. Baadaye nikatafuta vitabu vya sheria nikasoma, sura kwa sura, kama nilivyosoma hesabu. Nilitaka kujua kama hakimu alinionea. Hakunionea.

Sasa tuje kwako, na hapa hasira yangu inaanza upya. Jumapili uliniambia kwamba sheria imeweka kiwango, elfu kadhaa kwa mwezi kwa kila mtoto, na ukishatoa hicho hakuna wa kukugusa. Nani alikuambia? Waliokuambia kijiweni wameisoma wapi? Mimi nimeisoma Sheria ya Mtoto mara nyingi kuliko ulivyobadilisha matairi ya bajaji zako, na bei ya mtoto haimo. Kilichomo ni mambo ambayo mahakama lazima iyaangalie kabla ya kutaja kiasi. Inaangalia kipato na mali ya baba na ya mama, na kama kuna kinachompunguzia mmoja wao uwezo wa kutafuta. Inaangalia watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Na haki za mtoto mwenyewe. Ndiyo maana mtoto wa mwenye bajaji mbili hapewi sawa na wa mtu anayesukuma toroli, na ndiyo maana wewe umekimbilia kwangu na bahasha. Unajua vizuri kabisa kwamba kiwango hakipo. Kingekuwepo, ungezificha bajaji za nini?

Ukasema pia kwamba mwezi huu bajaji moja iko gereji, kwa hiyo kipato chako kimeanguka. Huo ndio ule mwezi wa pili wangu, wa mkulima asiye na kitu mfukoni! Chukua mwaka mzima. Hesabu unayoletewa kila siku na dereva wako na ile unayoipata mwenyewe, toa matengenezo, matairi, bima, siku za mvua ambazo barabara hazipitiki. Toa yote ya kweli, sikukatazi, hata mahakama haikukatazi. Lakini usilete gharama za bajaji mbili na kipato cha bajaji sifuri. Nilishalipitia hilo, na lilichekesha watu.

Halafu ukanikasirisha kuliko yote uliposema Anjela, mama yake Neema, anauza uji pale Makanyagio, kwa hiyo ana hela, na tena ukimtumia anasukia nywele. Ijumaa, siku mbili kabla hujaja kwangu, nilikwenda Makanyagio. Hukujua. Nilikaa kwenye kibenchi chake tangu alfajiri. Uji unanunuliwa mapema, na wanywaji wake ni waendesha pikipiki na mafundi kabla hawajaingia kazini. Kila siku Anjela huacha sufuria kwa jirani saa moja kasoro ili ampeleke Neema shule ya awali, na akirudi nusu ya wateja wameshakunywa kwingine. Hizo dakika ni fedha, na anayezitoa kila siku ni yeye. Wewe hujazitoa hata mara moja. Hesabu hiyo pia inaingia. Na kodi ya chumba unayosema haikuhusu kwa kuwa Anjela ndiye anayelala humo, mwanao analala wapi, barabarani?

Neema alinisalimia, akaniuliza kama nimetumwa na baba. Nikasema hapana. Akasema, "Basi ukimwona mwambie viatu vimebana." Nimekwambia.

Nasaha yangu ni hii, na naitamka wazi ili usiseme nilizunguka. Nenda mahakamani Alhamisi na kadi mbili kwa jina lako. Peleka hesabu ya miezi kumi na miwili iliyoandikwa kwa ukweli, na kabla ya kuiandika kaa na Anjela muorodheshe mahitaji ya Neema, hata kama hamuwezi kutazamana. Ukiona kiasi kitakachotajwa ni kikubwa kuliko uwezo wako, sema hapo hapo na uthibitishe. Kazi ikiharibika baadaye, rudi mahakamani uombe kipunguzwe, usijipunguzie mwenyewe kimyakimya. Usimwekee Anjela sharti kwamba akikukatalia kumwona mtoto na wewe hutoi. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina mahali pake pa kudaiwa. Na ujue utatoa mpaka Neema afike miaka kumi na minane, na akiwa bado anasoma unaweza kuambiwa uendelee. Huo ndio muda wa kuwa baba, hata mngebaki kwenye ndoa ungekuwa uleule.

Leonsia aliingia darasa la kwanza akiwa amechelewa mwaka mmoja. Ule mwaka niliuchukua mimi na sikuweza kuurudisha, ingawa nililipa kila nilichoamriwa. Hajawahi kunisema. Sasa anaishi Mishamo na mume wake. Mavuno yaliyopita alikuja na mwanawe kunisalimia, akanikuta nashona magunia. Akaninyang'anya sindano, akasema, "Baba, unashona kama unamfunga mbuzi." Akashona mwenyewe, akirudia kila mshono wa tatu. Nilikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Alhamisi nami nitakuwepo mahakamani. Nikiulizwa bajaji ni za nani, nitasema ni zako. Ukinichukia, nichukie. Baba yako aliwahi kuniambia, siku zake za mwisho, kwamba kitu kimoja alichojutia kunifanyia ni kunifungulia ghala.

Kadi zako sinazo. Nimezipeleka kwa mama yako. Zifuate kwake, na ukifika mwombe akusimulie siku aliyoitwa kutoka jikoni akaonyeshwa gunia, na wanaume wawili wanamkodolea macho.

Mungu akulinde barabarani, wewe na dereva wako. Akupe abiria wa kutosha na mkono usioona uzito kutoa. Na Neema akikua, akiulizwa viatu vyake vya shule alinunuliwa na nani, ajibu mara moja, bila kufikiri: baba.